Vumbi la Penge katika kuta za shule za London

Shule nyingi za Uingereza zilizojengwa baada ya Vita Vikuu vya Pili zingali na asbesto katika dari na kuta zake. Makala haya yanafuatilia safari ya madini hayo kutoka migodi ya Afrika Kusini hadi madarasa ya mitaa kama Edmonton, kaskazini mwa London.

Ukipanda treni ielekeayo kaskazini kutoka kituo cha Liverpool Street, baada ya takriban nusu saa utateremka Edmonton Green. Ni mtaa wa watu wa kazi, wenye maghorofa marefu na soko ambamo husikii Kiingereza peke yake: kuna Kituruki, Kisomali, Kilingala na, ukitega sikio vizuri, Kiswahili cha watu wa Kongo ya mashariki. Asubuhi barabara hujaa watoto waliovaa sare. Wazazi wao, kama wazazi wa mahali popote, huuliza habari za mitihani, za chakula cha mchana na za nidhamu. Ni wachache wanaouliza darasa limejengwa kwa kitu gani.

Swali hilo lina jibu lililoandikwa. Kwa mujibu wa sheria ya Uingereza, anayesimamia jengo la shule hana budi kuchunguza kama mna asbesto ndani yake, na kuweka daftari linaloonyesha iko wapi, ni ya aina gani na iko katika hali gani. Fundi hapaswi kutoboa ukuta kabla ya kuonyeshwa daftari hilo. Historia ya jinsi daftari hilo lilivyofika katika ofisi ya shule ni ndefu, nayo haianzii London. Inaanzia Afrika.

Asbesto ni jiwe, lakini ni jiwe la ajabu, kwa kuwa likipondwa hugeuka nyuzi laini mithili ya pamba. Nyuzi hizo haziungui, hazioze wala hazipitishi joto kwa urahisi. Kuna aina tatu zilizouzwa sana: nyeupe, buluu na kahawia. Nyeupe ilichimbwa katika nchi nyingi, zikiwemo Kanada na Urusi. Ile ya kahawia karibu yote ilitoka Afrika Kusini, na hata jina lake la kibiashara, amosaiti, limetokana na herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya migodi ya asbesto ya Afrika Kusini.

Mgodi mashuhuri kuliko yote ya asbesto ya kahawia ulikuwa Penge, katika jimbo ambalo leo linaitwa Limpopo. Jina hilo ni lile lile la kitongoji kimoja cha kusini mashariki mwa London. Wenye mgodi walikuwa kampuni ya Cape Asbestos, iliyoundwa London mwaka 1893, na kampuni tanzu iliyouendesha mgodi iliitwa Egnep. Msikilizaji akilisoma jina hilo kuanzia mwisho kwenda mwanzo ataelewa lilikotoka.

Kazi ya migodini haikufanywa na wanaume peke yao. Wanawake waliponda mawe kwa nyundo ili kutenga nyuzi, mara nyingi watoto wao wakiwa mgongoni au kando yao. Daktari mmoja wa Afrika Kusini, Gerrit Schepers, alieleza baadaye mambo aliyoyaona Penge mwishoni mwa miaka ya 1940: watoto wamo ndani ya magunia makubwa, wanakanyaga asbesto kwa miguu ili ishindiliwe, na msimamizi mwenye kiboko anahakikisha hawapumziki. Magunia hayo ndiyo yaliyopakiwa melini kwenda Ulaya.

Mwaka 1913 Cape ilifungua kiwanda huko Barking, mashariki mwa London, takriban kilomita 13 kutoka Edmonton. Hapo asbesto ya buluu na ya kahawia ilisukwa na kushindiliwa iwe vifaa vya kuzuia joto na moto. Kiwanda kiliendelea kufanya kazi hadi mwaka 1968.

Je, watu hawakujua? Hilo ndilo swali ambalo kila anayesoma historia hii hujiuliza, na jibu lake halipendezi. Mwaka 1898 mkaguzi wa viwanda nchini Uingereza, Bi Lucy Deane, alikwisha kuandika katika ripoti ya serikali kwamba vumbi la asbesto lina madhara kwa afya ya wafanyakazi, na kwamba likitazamwa kwa hadubini huonekana kuwa na chembe zenye ncha kali kama vipande vya kioo. Mwaka 1924 Nellie Kershaw, mwanamke aliyekuwa akisokota nyuzi za asbesto katika mji wa Rochdale, alifariki dunia, na kifo chake kikaelezwa katika jarida la madaktari wa Uingereza. Ripoti ya serikali ikatolewa mwaka 1930, na kanuni za kwanza za kupunguza vumbi zikafuata mwaka 1931. Kanuni hizo ziliwahusu watu wa viwandani tu. Hazikumgusa mchimbaji wa Penge, wala seremala aliyekata bodi za asbesto kwa msumeno, wala mtu ambaye angekuja kuishi au kusoma ndani ya jengo.

Hadi hapo ugonjwa uliokuwa ukijulikana zaidi ni ule wa mapafu kuota makovu kwa sababu ya vumbi jingi. Mwaka 1960 likatokea jambo jipya, na kwa mara nyingine tena habari zilitoka Afrika Kusini. Daktari Chris Wagner na wenzake wawili walichapisha taarifa ya wagonjwa 33 wa saratani iitwayo mesothelioma, inayoshambulia utando unaozunguka mapafu au tumbo. Karibu wote walikuwa na uhusiano na maeneo ya migodi ya asbesto ya buluu. Wengine miongoni mwao hawakuwahi kuajiriwa mgodini hata siku moja: waliishi tu karibu nao walipokuwa watoto.

Kisha ukaja mwaka 1965, na habari ikafika London yenyewe. Muriel Newhouse na Hilda Thompson walichukua kumbukumbu za Hospitali ya London, iliyoko Whitechapel, wakafuatilia maisha ya wagonjwa 76 wa mesothelioma: walifanya kazi gani, waliishi mtaa gani, waliishi na nani. Arobaini kati yao walikuwa wamefanya kazi na asbesto, au waliishi nyumba moja na mtu aliyefanya kazi hiyo. Tisa kati ya hao arobaini hawakuwahi kuingia kiwandani. Wengi wao walikuwa wanawake, wake au jamaa wa wafanyakazi, ambao asbesto iliwafuata nyumbani ndani ya nguo za kazi zilizohitaji kufuliwa. Miongoni mwa wale 36 waliobaki, 11 walikuwa wameishi umbali usiozidi nusu maili kutoka kiwanda cha asbesto.

Nimekaa juu ya takwimu hizo kwa makusudi, kwa sababu ndizo zilizobomoa hoja ya kwamba asbesto ni hatari ya mahali pa kazi peke yake. Ikiwa kukung'uta shati la mume kunaweza kumletea mke saratani miaka 30 au 40 baadaye, basi darasa haliwezi kuachwa nje ya hesabu. Gazeti la Sunday Times liliwaeleza umma habari hiyo mwezi Oktoba mwaka huo huo.

Mwaka huo huo pia, tarehe 1 Aprili 1965, Edmonton ilipoteza halmashauri yake. Iliunganishwa na Enfield na Southgate kuwa manispaa moja ya London iitwayo Enfield. Manispaa hiyo mpya ilirithi shule za enzi ya Malkia Victoria, shule za kati ya vita viwili, na zile zilizokuwa zikijengwa kwa haraka kubwa tangu mwaka 1945.

Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Mabomu yalikuwa yamebomoa shule, watoto wengi walizaliwa baada ya vita, na mwaka 1947 umri wa kuruhusiwa kuacha shule ulipandishwa hadi miaka 15. Serikali ikasambaza nchini kote vibanda vya madarasa vya zege, vingi vikiwa na mapaa ya saruji iliyochanganywa na asbesto. Katika jimbo jirani la Hertfordshire wasanifu walibuni shule za kuunganisha vipande vilivyotengenezwa kiwandani. Mwaka 1957 baadhi ya halmashauri zilianzisha ushirika ulioitwa CLASP, ambao ulijenga mamia ya shule kwa mifupa ya chuma na kuta nyepesi. Chuma kikipata moto hulegea, hivyo kilihitaji kufunikwa. Kilifunikwa kwa bodi za kuhami moto, na ndani ya bodi hizo mlikuwa na asbesto ya kahawia.

Hapa msikilizaji atofautishe vitu viwili. Bati la saruji na asbesto huwa na asbesto kama asilimia 10 hadi 15, tena imefungwa ndani ya saruji ngumu. Bodi ya kuhami moto ina kiasi kikubwa zaidi, nayo ni laini. Ukiikwaruza kwa ukucha inatoa unga. Bodi hizo ziliwekwa kwenye dari za korido, nyuma ya mabomba ya joto, juu ya milango, na mara nyingine zikawa ndizo ukuta wenyewe. Hata katika maabara za sayansi, vile vibao vya kuwekea moto wa gesi vilikuwa vya asbesto.

Mwaka 1967 wazazi wa Enfield waliishtaki manispaa yao kuhusu shule. Ugomvi ulikuwa juu ya mpango wa kuondoa mtihani wa kuwachuja watoto na kuwaweka wote katika shule za pamoja. Mahakama ya Rufaa iliwapa wazazi ushindi kwa sababu manispaa haikutoa matangazo yaliyotakiwa na sheria. Nautaja mkasa huu kwa kuwa unaonyesha akili za watu wakati huo zilikuwa wapi. Walibishana kwa nguvu zao zote kuhusu nani aingie shule gani. Kuta za shule hazikuwa na kesi.

Shinikizo la kweli lilikuja mwaka 1982, wakati televisheni ya Yorkshire ilipoonyesha filamu kuhusu Alice Jefferson, mwanamke aliyekuwa anakufa kwa mesothelioma baada ya kufanya kazi kwa miezi michache tu, akiwa msichana, katika kiwanda cha Cape huko Hebden Bridge. Taifa lilishtuka. Sheria ya mwaka 1985 ikapiga marufuku asbesto ya buluu na ya kahawia, na mwezi Novemba 1999 ikafuata nyeupe. Lakini sheria hizo zilikataza kuleta na kutumia asbesto mpya. Ile iliyokwisha kuwekwa majengoni iliachwa mahali pake.

Kwa nini iachwe? Hoja ya serikali, ambayo haikosi mantiki, ni kwamba nyuzi zilizotulia ndani ya bodi nzima hazimdhuru mtu, na kwamba kuing'oa ovyo kunaweza kuleta vumbi jingi kuliko kuiacha. Ndipo kanuni za mwaka 2002 zilipoanzisha wajibu wa kusimamia asbesto, uliotiwa nguvu mwezi Mei 2004 na kuendelezwa katika kanuni za mwaka 2012. Katika shule za halmashauri mwenye wajibu huo kwa kawaida ni manispaa yenyewe. Katika shule zinazojitegemea ni bodi inayoziendesha.

Wajibu wenyewe, ukifuatwa, ni kazi ya kila siku isiyo na mbwembwe. Mpimaji huja, huchukua vipande vidogo vya dari au ukuta na kuvipeleka maabara. Matokeo huingia katika daftari na katika ramani ya jengo. Hali ya kila bodi hukaguliwa tena baada ya muda. Mtunza majengo, walimu na mafundi huelezwa mahali pa kuepuka. Bodi ikipata ufa, chumba hufungwa. Kuiondoa ni kazi ya kampuni yenye leseni: eneo huzungushiwa karatasi za nailoni, mashine hunyonya hewa ili vumbi lisitoke nje, wafanyakazi huvaa barakoa na kuoga kila watokapo, na hewa hupimwa kabla ya chumba kukabidhiwa. Jambo moja ambalo halifai kabisa ni kuchukua ufagio na kufagia.

Katika karatasi mpango huo ni mzuri. Udhaifu wake ni kwamba shule si ghala. Shule ina watoto, na watoto hupiga mpira, hubamiza milango, hutundika mikoba na hupasua vitu. Mwalimu naye ana pini. Mwaka 2000 mwalimu wa watoto wadogo, Gina Lees, alifariki kwa mesothelioma. Mumewe, Michael Lees, alianza kuchunguza aliipataje, akagundua kwamba kuta alizokuwa akibandikia michoro ya wanafunzi zilikuwa za bodi za asbesto. Kila pini iliyoingia na kutoka ilitoa nyuzi. Bwana Lees ametumia miaka mingi tangu hapo kuishinikiza serikali kuhusu asbesto shuleni.

Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya Dianne Willmore, aliyekuwa mwanafunzi katika miaka ya 1970 huko Huyton, karibu na Liverpool. Aliieleza mahakama jinsi mafundi walivyoondoa vigae vya dari koridoni wakati wanafunzi wakipita, jinsi vigae vilivyovunjika vilivyowekwa katika choo cha wasichana, na jinsi watoto watundu walivyoficha makoti ya wenzao juu ya dari, na mwenye koti akapanda kulitafuta. Mambo ya kawaida ya shule. Aliugua zaidi ya miaka 30 baadaye. Majaji waliamua kwamba halmashauri iliwajibika, lakini yeye hakuisikia hukumu hiyo. Alifariki mwezi Oktoba 2009.

Umri nao una uzito wake. Mwaka 2013 kamati ya wanasayansi wanaoishauri serikali kuhusu saratani ilisema kwamba mtoto aliyevuta nyuzi hizo akiwa na miaka 5 ana hatari ya kupata mesothelioma maishani takriban mara 5 kuliko mtu mzima aliyevuta kiasi kile kile kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 30. Sababu si kwamba pafu la mtoto limethibitika kuwa dhaifu zaidi. Ni kwamba mtoto ana miaka mingi mbele yake, na ugonjwa huu husubiri.

Uchunguzi wa Wizara ya Elimu uliochapishwa mwaka 2019 uligundua kwamba takriban asilimia 81 ya shule za umma za England zilizojibu zilikuwa na asbesto. Mwezi Aprili 2022 kamati ya bunge ilipendekeza iondolewe katika majengo yote ya umma na ya biashara katika muda wa miaka 40. Serikali ya wakati huo haikukubali kuweka tarehe. Mwaka uliofuata, shule kadhaa zilipofungwa ghafla kwa sababu ya zege dhaifu, ilionekana wazi ugumu wa kukarabati jengo ambalo kasoro yake moja imefunikwa na nyingine: huwezi kuifikia zege bila kuigusa asbesto.

Maoni yangu ni kwamba hoja ya kuiacha mahali pake ilifaa kama hatua ya muda, lakini bodi iliyowekwa mwaka 1965 haizidi kuwa imara kadiri miaka inavyopita. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1986, inazitaka shule zikaguliwe tena kila baada ya miaka 3 na wazazi wajulishwe kila mwaka kwamba mpango wa usimamizi upo. Sheria ya Uingereza haikuweka wajibu wa namna hiyo kwa wazazi.

Na wale waliochimba? Mwezi Julai mwaka 2000 majaji wa Baraza la Malodi waliamua kwamba zaidi ya Waafrika Kusini 3,000 walioathirika wangeweza kuishtaki Cape mjini London, badala ya kurudishwa kwao ambako hawakuwa na fedha za kuendesha kesi. Mwaka 2003 kampuni ilikubali kulipa pauni milioni 7.5 kwa walalamikaji wapatao 7,500. Mgawanyo wake msikilizaji anaweza kuupiga mwenyewe. Mgodi wa Penge ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1992, na Afrika Kusini ikapiga marufuku asbesto mwaka 2008.

Katika Afrika Mashariki asbesto tunayoiona zaidi ni ya mapaa: shule, zahanati na nyumba za watumishi wa serikali. Kenya iliiweka katika orodha ya taka za hatari kwa kanuni za mwaka 2006, kisha mamlaka ya mazingira, NEMA, ikatoa mwongozo wa jinsi ya kuiondoa na kuizika. Rwanda ilianza mwaka 2011 mpango wa kitaifa wa kuiondoa katika majengo yote. Hatari kubwa huku kwetu ni pale paa linapobomolewa kwa nyundo, vipande vikagawanywa, kimoja kikawa uzio wa kuku na kingine kikasagwa njiani na magurudumu ya magari. Bati zima lisilotobolewa huloweshwa maji, hufunguliwa skrubu moja moja, hufungwa katika nailoni na kuteremshwa bila kuvunjwa.

Ama mzazi wa Edmonton, hahitaji wakili. Sheria ya uhuru wa habari ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika kwa wananchi wote mwezi Januari 2005, inazihusu pia shule za umma. Barua fupi yenye jina na anwani inatosha: je, shule hii ina daftari la asbesto, lilikaguliwa lini mara ya mwisho, na katika darasa la mwanangu pameandikwa nini? Kwa kawaida shule hupewa siku 20 za masomo kujibu.